Kabati la mninga lililotumika: kwa nini rangi ilibanduka, na namna ya kulipamba lidumu

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Tanga. Nimenunua kabati la vyombo lililotumika, la mbao nzito, lenye milango miwili na droo mbili, na vanishi yake imekwisha piga weusi. Aliyeniuzia alisema ni mninga. Nilitaka liwe jeupe lote, kisha niweke nakshi za rangi milangoni. Nilianza na mlango mmoja: niliupiga msasa kidogo nikaupaka rangi nyeupe ya maji iliyobaki tulipopaka ukuta. Kesho yake yakajitokeza madoa ya kahawia yenye wekundu; nikarudia kupaka, yakarudi. Wiki moja baadaye nilikwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka vipande virefu. Je, kosa ni la rangi? Na kwa mapambo nichague lipi kati ya stensili (karatasi iliyokatwa umbo, ambayo rangi hugongwa juu yake), rangi ya kupasuka-pasuka, na ile ya kusuguliwa kingo ili kitu kionekane cha kale?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Yaliyokupata ni mambo mawili yenye vyanzo tofauti, na ni vyema tuyatenganishe tangu mwanzo: madoa yalitoka ndani ya mbao, ilhali kubanduka kulisababishwa na kilichokuwa juu ya mbao. Rangi ya ukutani haikufaa kwa kazi hii, na nitaeleza sababu, lakini hata ungenunua rangi ya bei kubwa kuliko zote dukani matokeo yangekuwa karibu yaleyale, kwa kuwa hapakuwa na tabaka la kati la kuizuia mbao isitoe uchafu wake na la kuishika rangi isiachie. Mapambo tutayafikia, na nina maoni ya wazi kuhusu lipi liwekwe na liwekwe wapi. Ila sehemu kubwa ya jibu hili itahusu kilicho chini ya mapambo, maana ndiko kazi yako ilikoharibikia.

Tuanze na madoa. Mti wa mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na sehemu ya wekundu huo hubaki katika kiini cha mbao hata baada ya mbao kukaushwa na kuwa fanicha. Rangi ya maji inapoilowanisha mbao, huyayeyusha mabaki hayo, na maji yanapopanda juu ili yakauke huyabeba hadi usoni mwa rangi na kuyaacha hapo. Mkono wa pili wa rangi ileile ni kuiletea mbao maji mengine, kwa hiyo doa hupata njia mpya ya kupanda; unaweza kupaka mikono mitano na bado ukaliona linapita, na kwenye rangi nyeupe ndipo linapoonekana zaidi. Mkangazi nao una tabia hiyo, na vifundo vya paini hutoa utomvu wa manjano kwa namna inayokaribiana. Kwa hiyo doa peke yake halithibitishi kwamba ni mninga. Ukitaka uhakika, toa droo, uigeuze, ukwangue kidogo sehemu isiyoonekana: kiini cha mninga ni cha kahawia inayoelekea dhahabu au wekundu, chenye michirizi iliyokolea, na ukingoni huenda ukaona ukanda wa mbao iliyopauka, ambayo ni sehemu ya nje ya gogo. Usishangae ukikuta mgongo wa kabati na sakafu za droo ni plaiwudi. Mafundi wengi walitumia mninga mahali panapoonekana tu.

Dawa ya madoa ni tabaka lisiloyeyushwa na maji, litakaloziba mbao kabla rangi ya maji haijaigusa. Ninayoiamini kuliko nyingine zote ni shelaki, ule ulimbo unaotengenezwa na wadudu wadogo huko India na Thailand, ambao mafundi wa fanicha wamekuwa wakiuyeyusha kwa spiriti ili kung'arishia mbao. Ukiipata ikiwa magamba makavu, yeyusha gramu 250 katika lita moja ya spiriti, ndani ya chupa ya kioo au galoni la plastiki na si katika kopo la chuma, kwa sababu chuma huitia shelaki weusi. Iache usiku kucha huku ukiitikisa mara kwa mara, kisha ichuje kwa kitambaa chepesi. Ukiiacha itulie kwa siku kadhaa utaona ukungu wa nta ukishuka chini. Mimina taratibu ile safi ya juu na uitumie hiyo, kwa kuwa nta ikibaki nyingi hupunguza nguvu ya rangi kushika. Kama shelaki haipatikani, nunua praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ambayo kopo lake linaeleza kwamba inazuia madoa. Itafanya kazi, ila itakuchelewesha hadi kesho yake kabla ya kuendelea, wakati shelaki hukauka kwa dakika 20 hivi na kupokea mkono wa pili baada ya saa moja.

Sasa kubanduka. Kabati la vyombo hukaa karibu na chakula, na kwa miaka mingi limeguswa na mikono yenye mafuta, limepata mvuke wa jikoni, limefutwa kwa dawa za kung'arisha zenye nta au silikoni. Juu ya uchafu huo kuna vanishi ya zamani, ngumu na nyororo. Ulipopiga msasa kidogo kabla ya kuosha, ulisukuma mafuta yale ndani ya mikwaruzo, na rangi ikakauka juu ya utando wa mafuta bila kuigusa vanishi yenyewe, sembuse mbao. Ndiyo maana ilitoka vipande virefu badala ya kuchubuka vumbi vumbi. Na hapa kuna faida: rangi inayobanduka kirahisi namna hiyo huondolewa kwa kikwangulio butu na maji ya vuguvugu, bila kuhitaji kemikali kali. Mlango huo haujaharibika hata kidogo.

Kabla ya kununua chochote, tambua vanishi uliyo nayo, kwa sababu hatua zinazofuata hutegemea jibu hilo. Chovya pamba katika spiriti, iweke mahali palipofichika kwa dakika moja, kisha isugue. Kama uso umelainika na pamba imepata rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki ya zamani. Kama haukubadilika, jaribu pembeni kwa thina ile ya rangi za magari; ikilainika kwa thina, ni laka ya kupulizia. Isipolainika kwa lolote, ni vanishi ya mafuta au ya poliyurethani. Aina zote tatu zinaweza kubaki chini ya rangi mpya mradi ziwe zimeshikamana na mbao vizuri. Hakuna sababu ya kulivua kabati lote vanishi kwa ajili ya kupaka rangi. Kinachopaswa kuondolewa ni kile kinachomeguka, kilichovimba au kilichopasuka.

Osha kwanza, ndipo upige msasa. Utaratibu huo hauna mbadala. Tumia maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri ili mbao isilowe, kisha futa kwa maji safi, na mwisho pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo, kwa haraka na bila kusugua, hasa kama umegundua kwamba vanishi ni shelaki. Fungua bawaba, vitasa na vishikio vyote na uviweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake. Baada ya kukauka, piga msasa namba 150 au 180 ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao, mpaka mng'ao wote upotee na uso uwe na ukungu ulio sawa. Lengo ni kukwaruza tu, si kufika kwenye mbao. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la mninga na la mvule huwakera watu wengi pua na mapafu. Na endapo katika fanicha nyingine utakuta rangi ya zamani sana chini ya vanishi, usiipige msasa ikiwa kavu: rangi nyingi za miongo iliyopita zilikuwa na madini ya risasi, Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hiyo ilowanishwe maji kabla ya kusuguliwa, watoto wakiwa mbali, na uchafu wake ukusanywe wote.

Ukiwa umefungua droo, angalia wadudu. Kiini cha mninga huwashinda wengi, lakini ile sehemu iliyopauka, plaiwudi na mbao laini za nyuma huliwa. Vitundu vya milimita moja au mbili vinavyotoa unga laini ni kazi ya mbawakawa watobozi. Chembe ndogo ngumu mfano wa mbegu za mchicha, zikiwa zimelundikana chini ya kabati, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji udongo wala njia ya matope kama wale wa ardhini. Dawa za boroni zinazoyeyushwa kwa maji ni salama kiasi na huingia vizuri katika mbao tupu, lakini hazipenyi vanishi wala rangi, kwa hiyo zipakwe sasa au zisipakwe kabisa, na mbao iachwe ikauke siku kadhaa. Tafadhali usikubali mtu alipake kabati lako oili chafu au dizeli kwa sababu ya wadudu. Katika nguzo ya uzio jambo hilo linavumilika. Katika fanicha, mafuta yale hayakauki, yatapanda taratibu kupitia shelaki na rangi, na harufu yake itaingia katika vikombe vyako.

Viungo vilivyolegea virekebishwe katika hatua hii pia. Gundi ya zamani ya ngozi hulainika kwa maji moto. Ikwangue yote, weka gundi nyeupe ya mbao, kisha kaza kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ukiuzungusha mara nyingi kuzunguka kiungo na kuuacha hadi kesho yake. Mpira huo hubana sawasawa bila kuchubua mbao. Mashimo na mikwaruzo mirefu jaza kwa puti ya mbao, ukiacha ibaki juu kidogo ya uso kwa sababu hushuka inapokauka, kisha isawazishe kwa msasa.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ninataka kukushawishi ubadili sehemu ya mpango wako. Usilipake kabati lote. Mninga ni mbao ambayo uzuri wake huongezeka kadiri inavyotunzwa, haichezi sana hali ya hewa inapobadilika, na bei yake sokoni inapanda mwaka hadi mwaka kwa kuwa mti wenyewe hukua polepole. Fanicha ya paini, ya saipresi, ya plaiwudi au ya mbao zilizochanganywa ndiyo inayopata heshima inapopakwa rangi. Kabati la mninga likifunikwa lote, umelipia mbao ya thamani ili uifiche. Ninachopendekeza ni hiki: uso wa juu, miguu na fremu vibaki mbao, visafishwe na kupakwa shelaki au vanishi upya, na rangi pamoja na nakshi viwekwe kwenye mbao za kati za milango na kwenye nyuso za droo. Rangi ikizungukwa na mbao iliyokolea huonekana imewekwa kwa makusudi. Kuna sababu nyingine isiyo ya macho: uso wa juu ndio unaokokotewa sahani na kuwekewa chupa zenye maji, na hakuna rangi ya mapambo itakayoishi vizuri pale.

Kwa rangi yenyewe, achana na ile ya ukutani. Rangi ya ukutani imetengenezwa iwe laini na ipumue. Juu ya fanicha hubaki na unato kwa muda mrefu, hasa katika joto la Pwani, na mlango uliofungwa hugandamana na fremu hadi rangi ing'oke unapoufungua. Unayohitaji ni rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa mbao na chuma, au rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta ni ngumu na inang'aa, lakini nyeupe yake hugeuka njano mahali pasipofika mwanga, na ndani ya kabati ndipo penye giza. Kwa milango yako ningechagua akriliki isiyo na mng'ao mkubwa. Na badala ya nyeupe kabisa chukua nyeupe iliyovunjwa kidogo, ya maziwa au ya mchanga, maana nyeupe kali kando ya mninga humfanya mtu aone mbao chafu hata kama ni safi.

Utaratibu wa milango basi ni huu. Mikono miwili myembamba ya shelaki, ukipitisha msasa laini namba 240 kati ya mmoja na mwingine. Kisha fanya jaribio: paka rangi kipande cha ukubwa wa kiganja, kwa mikono miwili, na usubiri siku mbili. Doa lisipojitokeza, endelea. Likijitokeza, ongeza mkono wa tatu wa shelaki kabla ya kuupaka mlango mzima. Chagua siku kavu na uanze mchana jua likiwa limekwisha pandisha joto, kwa sababu shelaki inayopakwa katika hewa nzito ya unyevu hupata ukungu mweupe. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, jambo hilo litakutokea mara kwa mara hapo Tanga; likitokea, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana juu yake siku ikiwa kavu na ukungu utaondoka. Baada ya hapo paka rangi mikono miwili au mitatu, kila mmoja mwembamba, ukiacha saa nne au zaidi kati yake.

Sasa tufike kwenye mapambo uliyoyataja. Rangi ya kusuguliwa kingo ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Unapaka mshumaa mkavu mahali unapotaka rangi isishike, unapaka rangi juu yake, kisha unasugua kwa msasa namba 220 hadi kilicho chini kijitokeze. Watu husugua kingo zote kwa kiasi kilekile, na macho hutambua mara moja kwamba hapakuchakaa bali pamechakazwa. Kitu kilichotumika kweli huchakaa penye mkono na mguu: kando ya kishikio, pembe ya chini ya mlango, ukingo wa droo upande unaovutwa. Ukitaka mbinu hii, isugue hapo tu. Kwenye mninga wekundu wa mbao utachungulia vizuri chini ya rangi ya maziwa, ila kila ulipofika kwenye mbao tupu parudishie tone la shelaki, la sivyo doa litaanza upya kutoka hapo.

Rangi ya kupasuka-pasuka hufanya kazi kwa kuweka tabaka linaloyeyuka kwa maji chini ya rangi inayokauka upesi: rangi ya juu inapokauka hujikunja, na kwa kuwa kilicho chini kinateleza, inapasuka. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Paka rangi ya chini, ambayo ndiyo itakayoonekana katika nyufa, iache ikauke siku nzima, paka gundi, na ikifika hali ya kunata bila kulowanisha kidole, pitisha rangi ya juu kwa brashi iliyojaa, mara moja tu, bila kurudi ulikopita. Ukirudi, utakokota kila kitu. Gundi nzito huleta nyufa pana, na nyufa hufuata mwelekeo wa brashi. Ubaya wake ni kwamba tabaka la chini linabaki kuwa kitu cha kuyeyuka kwa maji, kwa hiyo ni lazima lifungiwe kwa vanishi ya mafuta. Ukiweka vanishi ya maji utaiamsha gundi. Katika mji wenye unyevu, kwenye kabati litakalofutwa kwa kitambaa kibichi kila siku, mimi nisingeiweka. Ipeleke kwenye fremu ya picha au kwenye sanduku la urembo, ambako itapendeza na kudumu.

Stensili ndiyo jibu langu kwako, na sababu si urahisi wake. Tuna utajiri wa nakshi zenye mpangilio wa kurudiarudia ambazo ziliumbwa kwa ajili ya uso wenye mpaka, na mlango wa kabati ni uso wa aina hiyo. Tazama kanga: ina pindo linalozunguka na mji katikati, na korosho za pindoni zimekwisha pangwa kwa namna ambayo mkono unaweza kuzifuata. Tazama milango ya kuchongwa ya Zanzibar na Lamu, yenye waridi, yungiyungi, minyororo na samaki. Ukichukua umbo moja tu kutoka huko na kulirudia kwa nidhamu, utapata mlango unaofahamika kwa mtu wa Pwani bila kumwiga fundi yeyote. Nasisitiza umbo moja, au mawili ukizidi sana; stensili nyingi huharibika kwa sababu mwenye kazi alipenda kila kitu.

Kwa kukatia, karatasi ngumu ya faili iliyopakwa shelaki pande zote mbili inatosha kwa kazi ndogo, lakini filamu za zamani za eksirei ni bora zaidi: ni nyembamba, hazilowi, na hukatika safi kwa wembe mpya. Ziloweke katika maji yenye dawa ya kupaushia nguo hadi picha ifutike, na ubaki na karatasi angavu unayoweza kuona mchoro kupitia kwake. Unapokata, acha madaraja, yaani vipande vyembamba vinavyoshikilia sehemu za ndani za umbo, visiwe chini ya milimita tatu, na uzungushe filamu badala ya kuzungusha wembe kwenye mikunjo.

Kabla ya kuchovya brashi, pima. Tuseme ubao wa kati wa mlango wako una upana wa sentimita 37 na urefu wa sentimita 67, nawe umekata korosho inayojaa mraba wa sentimita 6. Upana utabeba miraba 6 na kubakiza sentimita moja. Urefu utabeba 11 na kubakiza sentimita moja. Wengi huanzia pembe moja wakienda mbele, na ile sentimita ya ziada huwakuta pembe ya mwisho, ambako umbo hulazimika kukatwa au kubanwa. Igawe badala yake katika nafasi: milimita mbili katika kila moja ya nafasi 5 za upana, milimita moja katika kila moja ya nafasi 10 za urefu. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo, na pembe zote nne zitafanana. Chora mistari kwa chaki ya fundi cherehani, anza na pembe zote nne, kisha katikati ya pande mbili za urefu, halafu ujaze nafasi zilizobaki.

Katika kupaka, tatizo karibu siku zote ni rangi nyingi mno. Tumia brashi ya duara yenye nywele fupi ngumu, au sifongo iliyokunjwa. Ichovye ncha tu, kisha igongegonge kwenye kitambaa hadi ionekane kama imekauka. Ishike wima na uigonge juu ya stensili, ukianzia kwenye kingo za umbo kuelekea ndani, bila kuiburuta, kwa maana kuburuta ndiko kunakosukuma rangi chini ya filamu. Mzunguko wa kwanza utaonekana hafifu. Subiri dakika chache, gonga mara ya pili. Futa upande wa chini wa stensili kila baada ya kuirudia mara tatu au nne. Ukigonga zaidi upande mmoja wa korosho kuliko mwingine, itapata kivuli na kuonekana imetuna kidogo, na hiyo ni tofauti kubwa inayopatikana bila gharama. Rangi iliyopita mpaka iondoe papo hapo kwa kijiti chenye pamba mbichi. Ikishakauka, isubiri na uirekebishe kwa rangi ya chini kwa brashi nyembamba.

Ukitaka picha badala ya nakshi, yaani ndege, samaki au mbuyu, kuna njia nyingine iliyozaliwa hapa nchini. Edward Said Tingatinga alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kuchora wanyama juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile zilizoitwa rangi za baiskeli, na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo baada ya kifo chake mwaka 1972. Mfumo wake unafaa fanicha kwa sababu unaenda kwa tabaka: uwanja wa nyuma kwanza, ukauke kabisa, kisha umbo kubwa la mnyama kwa rangi moja, likauke, mwisho vitone na mistari. Ukiamua hivyo, tumia rangi ya mafuta kwa picha hata kama chini ni akriliki iliyokauka vizuri. Kinyume chake, yaani akriliki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, hubanduka. Na kama mkono wako bado haujazoea kuchora, kumlipa mchoraji wa mtindo huo akufanyie milango miwili ni matumizi mazuri ya fedha, kwa kuwa utampelekea milango iliyokwisha andaliwa na kazi yake haitapotea.

Nakshi zikishakauka kwa siku mbili, zifunike. Juu ya rangi ya maziwa weka vanishi ya maji isiyo na rangi, mikono mitatu myembamba, kwa sababu vanishi ya mafuta itaifanya iwe njano. Mkono wa kwanza uwe wa haraka na bila kurudiarudia, ili usiyavute maumbo. Nta inasifiwa sana kwa fanicha zilizopambwa, na kuigusa ni raha. Lakini nta ya nyuki huanza kulainika katika joto la mchana wa Pwani, hushika vumbi, na huacha alama ya kila glasi yenye maji, kwa hiyo kwa kabati la vyombo iache. Ndani, unakoweka sahani, usipake rangi kabisa: osha, piga msasa laini, paka mikono miwili ya shelaki. Ikishakauka haina harufu, na ni kitu kilekile kinachotumiwa kung'arishia peremende na vidonge. Kama utatumia mafuta ya kitani kwenye fremu, vitambaa vyake visikunjwe na kutupwa pembeni, kwani huzalisha joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje au uviloweke maji kwanza.

Akriliki hukauka kwa kuguswa ndani ya saa moja, lakini ugumu wake kamili huja baada ya wiki tatu au nne. Katika muda huo acha milango wazi kidogo, ukiweka kipande kidogo cha mpira au cha kitambaa nene kwenye pembe ya juu na ya chini ya fremu ili rangi isigusane na vanishi, na usiifute kwa maji. Rudisha bawaba kwa skrubu zake zilezile. Kama matundu yamelegea, jaza kijiti cha mbao chenye gundi, ukate kilichozidi, na ufunge skrubu upya kesho yake. Vyombo unaweza kuvirudisha ndani hata wiki ya kwanza, kwa sababu shelaki ya ndani itakuwa imekauka zamani.